Damu ya Akiba ya Fundi Mizani

Fundi Mizani alikuwa na wivu wa kila aina isipokuwa ule wa mke. Mkewe angeweza kusimama mlangoni akapiga soga na muuza mkaa saa nzima, na Fundi asinyanyue kichwa kutoka kwenye springi aliyokuwa akiinyoosha. Lakini mtu akisifiwa mbele yake kwa jambo lolote, hata kwa kupiga chafya vizuri, kijiba cha roho kilimkaba. Siku moja alirudi kutoka mazikoni amenuna, na mkewe alipombana akakiri kwamba marehemu alizikwa na watu wengi mno kwa mtu wa hadhi yake.

Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na chumba cha kinyozi. Humo alitengeneza mizani za bucha, za wauza unga, za kliniki za watoto, za kuning'iniza na za kukanyaga. Ni kazi inayomfundisha mtu kwamba kila kitu kina uzito wake wa kweli na kwamba karibu kila mtu anadanganya kidogo. Fundi aliyachukua mafunzo hayo akaenda nayo mbali: alimpima kila binadamu aliyekutana naye, na kila mara akaona mizani ya dunia imemzidishia yule mwenzake.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni damu yake. Kundi lake lilikuwa O hasi. Sista wa Damu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi ambaye ndiye aliyeongoza chumba cha benki ya damu nyuma ya hospitali, alimweleza siku ya kwanza kwamba damu ya namna hiyo humfaa karibu kila mgonjwa, ila mwenyewe hawezi kupokea ya kundi lingine lolote. Fundi aliguswa sana. Alihisi ameelezwa maisha yake yote kwa kifupi: anawapa wote, hapewi na mtu. Mji mzima ulikuwa na watoaji kumi na mmoja tu wa kundi hilo, na yeye ndiye aliyetoa mara nyingi kuliko wote. Alikuwa amekwisha kuulizia.

Mwiba wake ulikuwa Magodoro.

Magodoro alikuwa mwanyumba wake, yaani amemuoa mdogo wa mke wa Fundi. Aliuza magodoro. Alikuwa mtu wa kicheko kikubwa, kitambi cha heshima na simu mbili zilizoita kwa zamu. Kwenye shughuli za ukoo alikalishwa katikati bila kuomba, wakati Fundi aliachiwa kiti cha karibu na mlango, palipo na upepo. Mke wa Fundi alimwita "shemeji yetu mchangamfu", kwa sauti ambayo haikuwahi kutumika kwa jambo lolote linalohusu mizani. Lakini kwenye damu Magodoro hakuwa na lake.

"Mwanyumba, hongera kwa moyo," alimwambia Fundi kila mwaka. "Mimi sindano naitazama kwenye picha tu, tena kwa jicho moja."

Na Fundi siku hiyo alilala usingizi wa mtoto mchanga.

Kisha ikaja homa. Ilikuwa homa mpya, ikapita mtaa kwa mtaa, shule zikafungwa. Hapo ndipo mji ulipogundua kitu ambacho Sista wa Damu alikijua miaka yote: kwamba friji yake ilijazwa zaidi na wanafunzi wa sekondari, wazalendo waliotoa damu kwa ajili ya soda, biskuti na kukikosa kipindi cha hisabati. Shule zilipofungwa, bomba likakauka. Watu wazima nao walijifungia ndani. Wengine waliogopa kwamba ukienda hospitali mzima utarudi na homa. Wengine walisema damu inayotolewa inasafirishwa, ingawa hawakusema inakwenda wapi wala nani huko anaitamani. Wakati huohuo akina mama waliojifungua waliendelea kuvuja damu, watoto wenye malaria waliendelea kuishiwa damu, na pikipiki ziliendelea kugonga kuta. Homa haikuwaambia wasubiri.

Kwa Fundi, aibu kusema, hiyo ilikuwa miezi mitamu kuliko yote. Alijifunga barakoa, akapita barabara tupu kama mkaguzi wa dunia, na mlinzi wa geti akampigia saluti.

"Umekuja, Fundi," Sista alimwambia. "Leo mpaka saa hizi ni wewe peke yako."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

"Hata mmoja hajaja? Jana je?"

"Jana wawili. Sasa mbona unacheka? Nimekwambia jambo la msiba."

"Sicheki, Sista. Barakoa hii inavuta mdomo."

Akalala kwenye kitanda chenye ngozi iliyopasuka na kuzibwa kwa plasta, akatoa chupa yake ya arobaini. Ni mifuko ya plastiki, lakini kila mtu pale aliiita chupa. Alitamani homa idumu kidogo tu, wiki mbili tatu, kisha akajikemea.

Homa ilipoanza kulegea, binti yake wa pekee akarudi nyumbani na tumbo la kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, akionekana kwa msimu. Kliniki ilimpima ikakunja uso. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini kabisa, limeziba mlango wa kutokea mtoto. Angejifungua kwa kupasuliwa, na huenda angevuja sana. Tena alikuwa amerithi kundi la baba: O hasi. Daktari hakuwa na maneno mengi: chupa mbili ziwe tayari mezani, vinginevyo yeye hagusi kisu.

Sista akamwita Fundi, akamkalisha.

"Nisikilize vizuri. Chupa kwenye friji inaishi siku thelathini na tano, baada ya hapo ni takataka. Mwanaume akitoa leo, hatoi tena mpaka siku themanini na nne zipite. Kwa hiyo damu yako ndiyo akiba ya mwanao. Nitakupigia wiki mbili kabla ya upasuaji. Kabla ya hapo usitoe hata tone. Mbingu ikidondoka, wewe kaa nayo."

"Wengine kwenye orodha unawaambia hivyohivyo?"

"Wote kumi na mmoja nawaweka akiba. Lakini wewe ndiye baba."

Fundi alitoka pale akitembea polepole, kama mtu aliyebeba yai.

Mbingu ilidondoka Jumatano, saa nne asubuhi. Jengo la ghorofa nne lililokuwa likijengwa karibu na stendi liliporomoka likiwa na mafundi ndani. Vumbi lilifika mpaka kibandani kwa Fundi likakaa juu ya sahani za mizani. Hata kabla vumbi halijatua, redio ilikuwa imeanza kuomba damu.

Basi mji uleule uliojificha miezi mitano ukamwagika nje. Benki ya damu ilijaa, foleni ikatoka getini ikazunguka ukuta, na kufikia mchana watu wa kujitolea walikuwa wamefungua mahema kwenye uwanja wa mpira. Kila mtu alitaka kutolewa damu. Walikuja makarani na matarishi wao, wapangaji na wenye nyumba, hata mabwana wawili waliokuwa na kesi ya mpaka wa kiwanja walionekana wameketi benchi moja, wamekunja mikono ya mashati.

Sista alimpigia Fundi.

"Uko nyumbani?"

"Nipo. Sista, watu wanakufa."

"Mtu anayevuja leo anaokolewa na chupa ya wiki iliyopita. Hii inayotolewa leo bado haijapimwa. Majeruhi wote wameshapata kutoka kwenye friji, zile chupa chache mlizonitolea wakati watu wanajificha. Umenielewa? Kazi yako uliifanya zamani. Sasa kaa."

Haya yalikuwa maneno makubwa kuliko nishani. Bahati mbaya yalisemwa kwa simu, na hakuna mtu mwingine aliyeyasikia.

Fundi alikaa. Alikaa Jumatano nzima na Alhamisi nzima. Kila mteja aliyeingia kibandani alikuwa na kistika cha tone jekundu kifuani. Kinyozi wa jirani, mtu ambaye Fundi alimjua kuwa hutoa jasho akikata ukucha, alikuja akaegemea mlango.

"Fundi, wewe bado hujaenda?"

"Mimi nimeshatoa mara arobaini."

"Aa, hizo za zamani. Nauliza za leo."

Jioni familia ilikaa mbele ya televisheni. Uwanja ulionekana, mahema, na ndani ya mahema watu wamelazwa juu ya magodoro mapya kumi na mawili, kila moja limeandikwa kwa herufi kubwa jina la duka la mwanyumba. Kisha akatokea mwenyewe: kitambi, tabasamu, pamba na plasta kwenye kiwiko.

"Nimetoa magodoro, lakini nikaona haitoshi," Magodoro aliuambia mji. "Nikasema, mwili huu nao utoe. Wamenipima hapa, wakashangaa. Kumbe damu yangu ni O hasi! Ni adimu sana, ndugu zangu. Tupo wachache."

Mke wa Fundi alipiga kofi. "Shemeji jamani! Nani angejua?"

"Baba mdogo kweli kiboko," binti alisema, mkono juu ya tumbo. "Yaani na uoga wake wote ule!"

"Hata kundi langu," Fundi alisema polepole.

"Kundi lako nini?"

"Kaniibia hata kundi langu!"

"Damu haiibiwi, mume wangu. Kaa chini, unatuzibia."

Alikaa, lakini hakuwa akitazama tena. Miaka kumi na minne, chupa arobaini, siku zile za homa alipopita peke yake barabarani: yote hayo yalikuwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili yupo mtu mmoja na pamba moja, na upande wa pili ndio ulioshuka chini. "Tupo wachache," alisema. Tupo! Neno hilo lilimkata maini. Alijipa sababu usiku kucha akageuka mara hamsini kitandani. Kuna wengine kumi kwenye orodha, wao wamesubiri. Chupa yangu itaenda friji ileile. Damu ni damu. Kufikia Ijumaa asubuhi alikuwa ameshaigeuza tamaa yake kuwa wajibu, na akavaa shati la mikono mifupi.

Uwanjani hakwenda kwenye meza ya hospitali, ambako angejulikana. Alichagua hema la mwisho, la vijana wa kujitolea wasiomfahamu. Walimuuliza kama ameshawahi kutoa damu.

"Mara moja moja," Fundi alisema, na hakuna uongo uliowahi kumuuma kama ule.

Akalazwa. Alipogeuza shingo ili asitazame sindano, ambayo hata hakuiogopa, shavu lake likatua sawasawa juu ya jina la duka la Magodoro. Godoro lilikuwa zuri. Hilo lilimuudhi zaidi.

"Televisheni wako wapi?" aliuliza wakati chupa ikijaa.

"Waliondoka jana, mzee. Wamekwenda kwa wale wanaopika chakula cha waokoaji."

Akapewa soda ya moto na kistika. Nyumbani alisema kistika kile kakiokota njiani.

Baada ya wiki moja, stori ikachuja. Vifusi vilizolewa, redio ikarudi kwenye mpira, vistika vikafuliwa pamoja na mashati. Chupa mia kenda zilikuwa zimetolewa kwa siku tatu, na majeruhi walikuwa wametumia ishirini na tatu. Nyingine zikapangwa kwenye friji mpaka milango ikafungwa kwa kusukumwa na goti, na Sista akaanza kuzitazama tarehe zake kama mama mwenye nyumba anavyotazama maziwa. Kuomba damu mpya hakuweza: kila mwenye moyo mjini alikuwa ameshautumia wiki ileile, na sasa walikuwa wakisubiri siku themanini na nne kwa pamoja, kama darasa zima lililofukuzwa siku moja.

Siku ya ishirini na sita tangu Fundi alale kwenye hema lile, Sista alimpigia simu. Ilikuwa zamu yake.

"Njoo kesho, Fundi. Akiba ya binti."

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulifunguka, ulimi ukawa tayari, na mbele ya macho yake akaliona jina lake likifutwa kwenye orodha ya kumi na mmoja na la Magodoro likiandikwa juu yake.

"Sista, nina mafua," alisema, akakohoa.

"Mafua! Na homa hii haijaisha? Usikanyage hapa siku kumi na nne. Na usimkaribie huyo mjamzito. Basi, nitatafuta kwa wenzako."

Kwa sababu ya uongo huo Fundi alilala kibandani karibu wiki mbili, juu ya gunia, akipelekewa chakula na mkewe aliyekiweka chini na kurudi nyuma hatua tatu. Alistahili.

Siku ya thelathini na saba, saa mbili asubuhi, mkewe alikuja mbio na hakusimama hatua tatu nyuma.

"Inuka! Mtoto anatoka damu. Tumempeleka hospitali."

Binti alikuwa amelala kitanda cha pembeni, uso umepauka, akijaribu kumtabasamia kila aliyeingia. Kwa wakati huo damu ilikuwa imetulia. Daktari alisema itarudi, na ikirudi haitasubiri mtu; ni lazima apasuliwe leo. Chupa moja ya O hasi ilikuwa njiani kutoka hospitali ya mji mwingine. Bila ya pili hapasui.

Fundi akaingia kwa Sista bila kubisha hodi.

"Afadhali umekuja," Sista alisema. "Kunja shati. Nimewapigia wote. Mmoja alifariki kwa homa, Mungu amrehemu. Wawili wamehama. Saba, sikia mambo haya, saba walikwenda uwanjani wiki ile, kila mmoja kwa siri yake, akidhani wale wengine wamesubiri! Watu wazima! Na yule mwanyumba wako wa kwenye televisheni naye alitoa siku hizohizo. Umebaki wewe tu. Mbona hukunji?"

Fundi alikuwa akitazama friji.

"Ijumaa ile," alisema, "kuna chupa ya O hasi ilitoka hema la mwisho. Ipo wapi?"

"Ilikuwepo humu. Ilikwisha muda juzi, nimeipeleka kwenye tanuri mwenyewe. Wewe umejuaje habari za hema la mwisho?"

Fundi aligusa mkono wake, pale sindano ilipoingia. Sista alivua miwani, jambo alilolifanya kwa nadra kwa kuwa uzi ulimchelewesha.

"Fundi, nilikukalisha kwenye kiti hicho hapo."

"Nitoe sasa hivi. Nitoe mbili. Nipo mzima."

Alimchoma kidole kwa sababu mtu akiomba hivyo ni vigumu kumkatalia hata hilo. Kipimo cha wingi wa damu kikasema kumi, na mtoaji hutakiwa kufika kumi na tatu. "Huna," Sista alisema. "Nikikulaza wewe nitakuwa na wagonjwa wawili. Kwa nini ulikwenda?"

"Alisema 'tupo wachache'."

"Nani?"

"Basi tu, Sista."

Akatoka akasimama kwenye korido, chini ya tangazo lililoonyesha watu wanaocheka huku wakitolewa damu. Hapo ndipo wanyumba walipokutana. Magodoro alikuja na mkewe, simu zote mbili zimezimwa, kitu ambacho ukoo haukuwahi kukiona. Mkewe, mama mdogo wa binti, alikimbilia wodini. Mke wa Fundi, macho mekundu, akamweleza shemeji yake hali ilivyo: chupa moja inahitajika, watoaji wengine walikwisha kutoa wiki ya jengo, na mumewe amepimwa akakutwa na damu pungufu. "Na wewe pia shemeji, ndiyo bahati mbaya yetu. Ungekuwa hukutoa, ungemwokoa."

Jasho lilimtoka Magodoro mpaka kola ikalowa. Akamshika Fundi mkono, akamvuta mpaka kwenye ngazi zinazoteremka stoo.

"Mwanyumba, nikwambie kitu. Ukicheka nitakufa hapahapa."

"Sina hata mdomo wa kucheka. Sema."

"Sikutoa."

"Hukutoa nini?"

"Damu! Walinichoma kidole, wakasema O hasi, wakafurahi, wakanilaza. Nikaiona ile sindano. Ndugu yangu, ile si sindano, ile ni mrija wa soda! Nikazimia. Nilipoamka wamenibandika pamba kwa huruma, kamera imefika. Ningesema nini?"

Fundi alimtazama. Alikuwa ameisubiri siku hii miaka kumi na minne. Shujaa wa mji, tupo wachache, kiti cha katikati, na chini ya plasta hapakuwa hata na tundu! Angeweza kupanda ngazi zile tisa na kulisema jambo hilo kwa sentensi moja, mbele ya mkewe, mbele ya shemeji, mbele ya mlinzi wa geti. Furaha ilimpanda mpaka kooni, tamu kabisa, na ilipofika hapo ikakutana na jambo lingine.

"Kwa hiyo unayo," alisema.

"Ninayo yote. Naogopa."

"Mwanyumba, unayo!" Akamkumbatia kitambi chote, mtu ambaye hakuwahi kumpa zaidi ya vidole vinne vya mkono. "Twende."

"Lakini mke wangu asijue. Wala wako. Niapie."

Hilo lilimuuma. Hata hivyo akaapa.

Sista alipoambiwa alitazama dari, akasema amefanya kazi hii miaka ishirini na sita na bado binadamu wanamletea vitu vipya. Akampima kidole: kumi na tano. Fundi aliisikia namba hiyo. Hata hapo alimzidi.

"Usitazame huku," Fundi alimwambia, akimshika mkono ule mwingine. "Nitazame mimi. Nipe habari za magodoro. Lile la inchi sita linakuwa na uzito gani?"

"Linakuwa... mama yangu! Imeingia?"

"Imeingia. Sema uzito."

"Kilo kumi na mbili. Usiniachie."

"Sikuachii. La inchi nane je?"

Kwa dakika sita, mtu ambaye Fundi alimchukia kuliko wote duniani alimvunja vidole, na Fundi akamfuta jasho kwa shati lake mwenyewe, akamsifia pumzi zake, akamwambia anaendelea vizuri, mwanaume haswa. Dakika sita! Ya kwake yeye huchukua kumi. Magodoro alizimia mara moja tu, mwishoni, chupa ikiwa imeshajaa.

Vipimo vilifanywa kwa haraka. Alasiri binti akaingizwa chumba cha upasuaji. Alivuja kama daktari alivyoahidi, chupa zote mbili zikamwingia, na saa kumi na moja muuguzi akatoka na habari ya mtoto wa kike na mama anayeomba maji. Fundi aliketi sakafuni palepale, mgongo ukutani, akalia bila kujificha.

Siku ya tatu wodi ilijaa wageni. Magodoro alikuwa amekaa kwenye kiti cha katikati, na simu zote mbili zinaita.

"Mara mbili ndani ya siku arobaini!" mama mdogo aliwaambia wote, mkono begani kwa mumewe. "Wengine mpaka wasubiri miezi mitatu. Huyu akasema, hapana, ni mwanangu."

"Inawezekana kweli?" aliuliza jirani mmoja. "Si wanakataza?"

Wote wakamgeukia Fundi, kwa kuwa ndiye aliyejulikana kuzijua sheria hizo mpaka nukta. Magodoro aliacha kutabasamu. Binti naye alimtazama baba yake kutoka kwenye mto, mtoto amelala kifuani, na rangi imeanza kurudi mashavuni.

Fundi akamsogezea mtoto shuka.

"Huyu aliruhusiwa," alisema. "Nilikuwepo, nilimshika mkono. Sijawahi kuona mtu anatoa damu kwa roho safi namna ile."

"Na ya pili wala haikuuma sana," Magodoro aliongeza, pumzi zimemrudi. "Ya kwanza ndiyo iliyoniuma."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Fundi naye akapiga, mara tatu kwa hesabu, kisha akasogea akasimama karibu na mlango, palipo na upepo.